Ukuta Nilioupiga Plasta

Mtu aliyeuharibu ukuta wa kanisa la Waitaliano ni mimi. Nalisema mapema ili nisije nikasikia watu wakinong'ona nyuma yangu ati mzee ameficha. Niliuharibu mchana kweupe, watu wakinitazama, mwiko mkononi, na nilipomaliza nikapigiwa makofi.

Kwa kazi mimi ni fundi wa mawe. Nimejenga Skuta, nimejenga Gatitu, nimejenga mpaka Gakindu kule kwa wakulima wa kahawa. Ukitembea na mimi mjini Nyeri utachoka, kwa maana kila kona nitakusimamisha nikuonyeshe ukuta wangu. Mke wangu alishakataa kwenda sokoni na mimi kwa sababu hiyo. Lakini mgeni akija kwetu kijijini, simpeleki kwenye nyumba zangu. Nampeleka kwa Waitaliano.

Wenyewe hawapo tena. Walikuwa wachache hata wakati wao: mapadre wawili, mabruda wachache, na baada ya vita vya Mwingereza na Mjerumani wakaongezeka wafungwa wa Kiitaliano walioachiliwa na wakakataa kurudi makwao. Walikuwa wakulima. Watu wakisikia mmishonari wanafikiri ni mtu wa kushika kitabu tu, lakini hawa walishika jembe hadi mikono ikatoka sugu. Walipanda kahawa, wakafuga ng'ombe na nguruwe, wakatengeneza jibini ambayo nyanya zetu walikataa hata kuionja kwa sababu ya harufu. Walijaribu mizabibu pia. Baridi yetu haikuwa na mchezo, mizabibu ikafa yote.

Walichotuachia ni mawe. Kuna mfereji wao unaoleta maji kutoka mtoni, na mpaka leo tunagombania zamu ya kumwagilia mboga kwa maji hayo. Kuna nyumba ya kinu cha maji, gurudumu limeoza lakini kuta zimesimama wima. Kuna zizi la ng'ombe lenye matao, zuri kuliko nyumba za watu wengi ninaowajua, nasi tumeligeuza kuwa shule ya watoto wadogo. Kuna tanuri la mkate ambamo jirani yangu mmoja anafuga kuku, na hao kuku wanalala pazuri kuliko kuku wote wa Nyeri. Na kule juu kwenye ncha ya kilima kuna kanisa. Ni dogo, la mawe ya kijivu, lina mnara mfupi wa kengele, na asubuhi kabla mawingu hayajapanda linatazamana na Mlima Kenya uso kwa uso. Nimeyaona makanisa makubwa ya Nairobi. Hili letu linayashinda, na asiyekubali aje tubishane.

Mawe ya kanisa hilo yalichongwa na babu yangu, babake mama, pamoja na mafundi wengine wa hapa waliofundishwa na bruda mmoja mkali. Hapo kuna jambo la mila lazima nilieleze, la sivyo hutaelewa kilichoniuma. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huitwa jina la babake mama. Mimi ni wa pili. Kwa hivyo mama hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita baba. Baba, njoo ule. Baba, umeacha mbuzi wakaingia kwenye mahindi. Hata nikichapwa, nilichapwa nikiitwa baba. Wageni huona ni kichekesho, lakini mtoto wa namna hiyo hukua akijua kwamba amembeba mtu. Mimi nilimbeba mchonga mawe, na nilipoanza kushika nyundo hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama naye alifanya kazi pale akiwa msichana mdogo. Hakuwa kwenye mawe, alikuwa kwenye chokaa. Mawe ya chokaa yaliletwa na gari moshi hadi Kiganjo, kutoka hapo yakapanda kwa mkokoteni wa ng'ombe, yakachomwa kwenye tanuri la Waitaliano, kisha yakakabidhiwa wanawake. Wao ndio walioyazimua kwa maji, wakayafukia shimoni, wakayafunika kwa majani ya migomba na udongo, wakangoja miezi mpaka yakawa laini. Hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi mno. Mimi niliisikiliza vile mtu husikiliza redio akipiga pasi.

Sasa tuje kwenye uovu wangu. Miaka michache iliyopita tulipata habari kwamba askofu angekuja kufanya ibada kwetu. Kamati ya kanisa ilikutana, na mwenyekiti, ambaye nilisoma naye darasa moja tangu shule ya msingi, akatutoa nje tuutazame ukuta wa kusini. Huo ndio unaopigwa na mvua na ukungu. Ulikuwa umeota kuvu nyeusi, na kati ya mawe chokaa ilikuwa imelika hapa na pale. Sote tukaona aibu.

Aibu hiyo ni ya kwetu hasa, pengine haielewi mtu wa kwingine. Kwetu nyumba ya mtu aliyefaulu ni nyumba iliyopigwa plasta na kupakwa rangi. Mawe matupu maana yake mwenye nyumba aliishiwa akiwa njiani. Tangu utotoni tulilipenda kanisa lile, na moyoni tulikuwa tukiwahurumia Waitaliano kwamba walikufa au wakaondoka kabla hawajalimaliza. Basi tukaamua tuwamalizie. Ilikuwa ni mapenzi tu. Na kazi nikapewa mimi, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeweza kupewa bila mimi kukasirika.

Siku ya kwanza ya plasta mama alipanda kilima na bakora yake. Alikuwa ameshapita miaka tisini. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa na vijana wangu wa kazi, simiti iko tayari kwenye karai. Akasimama chini ya jukwaa, akasema, "Baba, huo ukuta unapumua. Ukiuziba utakufa."

Nikamjibu bila hata kushuka. "Mama, hayo ni mambo ya zamani. Simiti ni simiti."

Vijana wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko simiti yenyewe. Mama aligeuka akateremka kilima, nami nikaupiga ukuta ule plasta nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Ilinyooka ukadhani ni meza. Tukaipaka rangi ya maziwa. Askofu alipokuja aliusifu, mwenyekiti akaniita mbele, watu wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba hadi nikashangaa kofia bado inaingia.

Jioni nilipita kwa mama, nikamkuta jikoni akipepeta maharagwe. Nikamuuliza kama ameuona ukuta. Akasema, "Nimeuona, fundi."

Fundi. Nilifikiri ni utani. Kesho yake akaniita fundi tena, keshokutwa akaniita wewe, na tangu siku hiyo nikawa wewe. Wewe, leta kuni. Wewe, funga mlango, baridi inaingia. Nilijifanya sioni. Mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, angeenda kumlilia nani kwamba mamake hamwiti baba tena? Lakini ilinikereketa usiku na mchana.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilichukua misimu miwili ya mvua. Kwanza rangi ilianza kututumka chini karibu na msingi, kisha ndani ya kanisa ukuta ukawa na unyevu, halafu ukatoa vijitone vya maji hata siku za jua. Baadhi ya akina mama wacha Mungu wakaanza kusema kwamba ukuta unalia kwa ajili ya dhambi za kijiji. Asubuhi moja nilikuta mtu amewasha mshumaa pale chini. Sikuweza kuutazama ule mshumaa, kwa sababu nilijua dhambi ni ya nani na anaishi wapi.

Nilingoja watu watoke, nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Pale chini ulilia kama debe tupu. Nikachukua tindo nikabandua kipande kidogo cha plasta. Nyuma yake, jiwe alilolichonga babu yangu lilikuwa limelowa na kuoza, nikalikwaruza kwa ukucha likatoka kama unga wa uji. Wakati huo ndipo nilipoelewa alichosema mama. Maji hayawezi kuzuiwa kuingia kwenye ukuta wa zamani, yanapanda kutoka ardhini na kupenya kwenye nyufa. Chokaa huyaacha yatoke. Simiti yangu ilikuwa imeyafungia ndani, na yalikuwa yanaula ukuta polepole.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikalia. Sina haya kusema.

Kamati ilimwita mhandisi kijana kutoka mjini. Aliangalia, akapima, akasema ukuta ni hatari na watu wasiingie tena. Tukahamishia ibada kwenye zizi la Waitaliano, chini ya yale matao, katikati ya viti vidogo vya watoto. Haikupita muda maneno yakaanza: kanisa ni dogo hata hivyo, libomolewe lote, tujenge ukumbi mkubwa wa matofali na mabati, tuwe na mahali pa harusi. Wengi walifurahia. Sikuwalaumu, ukumbi ni kitu kizuri. Lakini nilipofikiria mashine ya kuchimba ikiangusha mnara ule, na mama akiwa hai na akisikia kishindo kutoka nyumbani kwake, nilikosa usingizi.

Mkutano wa kuamua ulikuwa mwezi wa nane, baridi ikianza kuisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikasimama mbele ya kila mtu nikasema mawe ya kanisa hayana makosa, Waitaliano hawana makosa, mwenye makosa ni mimi na simiti yangu, na kwamba ukuta unaweza kupona ukirudishiwa chokaa yake. Nikaomba nipewe muda mpaka mvua ya mwezi wa nne ipite.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa wewe unataka turudi nyuma. Na hiyo chokaa nani anaijua? Waitaliano wote wamekufa."

"Mama yangu anaijua."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, walimwazia tu ajuza na bakora yake. Mwenyekiti hakucheka. Mamake pia alikuwa mmoja wa wasichana wa chokaa, tulimzika zamani. Aliivaa miwani tena, akasema, "Sawa. Lakini mvua ya mwezi wa nne ikiisha na ukuta bado uko na maji, tunabomoa. Na mtu asikuje kulia kwangu."

Kazi ngumu zaidi haikuwa mkutano. Ilikuwa kwenda kwa mama. Nilimkuta ameketi juani nje ya jikoni akichagua njahi, yale maharagwe yetu meusi, akitupa mbovu kwa kuku. Nikavuta kigoda nikaketi miguuni pake kama mtoto, nikamweleza kila kitu: ukuta, mshumaa, mhandisi, mkutano, na kwamba nilimcheka na nilikosea. Aliendelea kuchagua njahi. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama nimeshaitoa ile simiti. Nikasema bado.

"Basi umekuja kuniambia nini, wewe?"

Nikaondoka. Siku hiyo hiyo nikaanza kubandua. Wacha nikwambie, adui wangu mkubwa alikuwa ufundi wangu mwenyewe. Plasta ya fundi mbaya ingedondoka kwa kuisemesha. Yangu ilishikilia kana kwamba nimeilipa ishikilie, na sikuweza kuipiga kwa nguvu kwa sababu nyuma yake mawe yalikuwa yakiugua. Nilitumia tindo ndogo, kiganja baada ya kiganja, wiki baada ya wiki. Mawe yaliyokuwa yameoza kabisa niliyatoa, na badala yake nikaweka mengine kutoka kwenye banda la nguruwe la Waitaliano lililoanguka zamani. Yalikuwa ni mawe ya ukoo mmoja, yaliingiana bila ugomvi.

Mama alisikia, maana kijijini kila kitu husikika. Alituma mjukuu aniambie nichimbe shimo nyuma ya kanisa, upande wa kivuli, lenye kina cha kumfika mtu kifuani.

Chokaa mbichi, ile ya mabonge, niliitafuta kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alinitazama sana. Akasema hajaulizwa kitu hicho tangu enzi za babake, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaletea Waitaliano vyuma na misumari. Aliagiza kutoka upande wa Kajiado, ikafika kwenye mapipa yaliyofungwa vizuri.

Siku ya kuizimua tulimpandisha mama kwa gari la mwenyekiti. Tukamketisha kwenye kiti cha plastiki kando ya shimo, sweta mbili, shuka magotini, bakora mkononi. Mimi nikamwaga chokaa shimoni, nikanyanyua ndoo ya maji niimwagie. Bakora ikanigonga kwenye mkono, ndoo ikaanguka nje ya shimo.

"Maji kwanza!" alisema. "Maji kwanza, halafu chokaa, kidogo kidogo. Ukigeuza inakurukia usoni."

Kisha akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia katika miaka yote ya hadithi zake. Kulikuwa na msichana wa rika lake, rafiki yake wa kuchota maji pamoja, ambaye siku moja kwa haraka alimwaga maji juu ya chokaa. Alipoteza jicho. Bruda alilia, babu yangu alilia, na kazi ilisimama siku tatu. Msichana yule alirudi kazini na kitambaa usoni, kwa sababu hakuna aliyejua kupima chokaa kama yeye. Ndiye mamake mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale. Alijua mamake alipoteza jicho akiwa msichana, lakini hakujua lilipotelea kwenye chokaa ya kanisa lile. Aliondoka akaenda kusimama peke yake kwenye mnara kwa muda, na tangu hapo sikumsikia tena akitaja kubomoa.

Tukaitoa chokaa shimoni kwa koleo, tukajaza maji, tukairudisha kidogo kidogo. Ilichemka yenyewe bila moto, ikipasuka na kutoa mvuke, na vijana wangu wakarudi nyuma wote. Mama peke yake hakusogea. Tulipomaliza tukafunika kwa majani ya migomba na udongo, kama alivyoagiza, akasema hakuna kugusa mpaka mvua fupi ipite na mwaka uishe. Ukuta tuliufunika kwa turubai. Miezi hiyo nilipita pale kila siku. Nilijaribu hata kumshawishi tufukue mapema kidogo. Alinijibu kwamba ndiyo maana mimi naitwa wewe.

Mwezi wa kwanza, jua kali, tukafukua. Chokaa ilikuwa nyeupe na laini kama siagi. Nikachanganya ya kwanza kwa mchanga wa mto, nikampelekea kidogo kwenye kiganja. Aliifinya, akaitupa chini. Mchanga haujaoshwa. Nikaosha, nikachanganya tena. Akaitupa. Mchanga umezidi. Ya tatu hakuitupa, lakini aliuliza wanawake wako wapi.

Sikuelewa. Akasema chokaa haichanganywi kwa koleo kama chakula cha nguruwe, inatwangwa. Kwani nilidhani wao walikuwa wakifanya nini pale siku nzima, kuimba tu? Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba, mimi fundi mkubwa, nikiomba. Na wakaja. Walikuja na michi ya nyumbani, ile ya kutwangia mahindi, na wa kwanza kufika walikuwa wale wale waliosema ukuta unalia. Tulilaza gogo lililochimbwa kama hori, tukatia chokaa na mchanga, wakajipanga mistari miwili wakaanza kutwanga. Mama aligonga bakora kwenye mguu wa kiti kuwapa mwendo, kisha akaanzisha wimbo wa kazi ambao mimi, mwanawe, sikuwa nimewahi kuusikia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini maneno yote alikuwa nayo.

Nilisimama na mwiko wangu nikiwatazama. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia wageni kwamba kanisa hili lilijengwa na Waitaliano na babu yangu. Nilikuwa nimesema nusu tu. Kilichoyashikanisha mawe yale miaka yote ni mikono ya wasichana, na mmoja wao ndiye aliyenizaa. Nilijivuna hadi kifua kikauma. Nilijivunia kijiji, nikajivunia wale Waitaliano waliojua kuchagua mahali na kuacha wanawake wafanye kazi kwa akili zao, na nikamjivunia yule ajuza aliyekuwa akinikemea kuliko mtu yeyote duniani.

Tuliziba kati ya mawe yote kwa mwezi mmoja na nusu. Usiku tulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Mama alikuja kila siku aliyoweza, akaketi, akaelekeza kwa bakora. Wewe, hapo umekimbia. Wewe, nyunyiza maji kwanza. Nilikuwa nimezoea. Karibu nimezoea.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuja kwa hasira mwaka ule, barabara ya Gatitu ikawa mto. Kila asubuhi nilipanda kilima nikaweka mkono ukutani kama daktari. Siku za mvua mawe yaliiva rangi, yakawa meusi. Nikakata tamaa mara mbili. Kisha jua lilitoka kwa siku mbili mfululizo, na siku ya tatu nikakuta ukuta umerudi kijivu, umekauka kutoka juu mpaka chini, na ndani hakuna tone.

Mhandisi alirudi na kile kifaa chake cha kupimia unyevu. Alipima hapa, akapima pale, akapima tena pale pale. Akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikamwonyesha kwa kidole kiti cha plastiki, nikamwambia amuulize mwenye kazi. Kijana yule, heshima kwake, alienda akachuchumaa mbele ya mama na daftari lake, na jambo la kwanza aliloandika ni kwamba maji hutangulia.

Kamati iliamua kanisa libaki, na ukumbi utajengwa siku moja pale palipokuwa na banda la nguruwe. Wakaleta kibao cha kuweka mlangoni, kimeandikwa kwamba kanisa lilijengwa na Waitaliano. Nikakikataa. Tukabishana, nikapandisha sauti, mwenyekiti akaniunga mkono, na kibao kikarudi kwa mchoraji kuongezwa mafundi wa hapa na wanawake wa chokaa. Herufi za mwisho zimebanana kidogo kwa kukosa nafasi. Zibanane, zipo.

Jumapili tuliyorudi kanisani, baada ya ibada, watu walikuwa nje wakinywa chai na kunipongeza. Sikuwasikia vizuri. Nilikuwa namtafuta mama, nikamwona amezunguka peke yake hadi ukuta wa kusini. Nikamfuata. Alikuwa ameweka kiganja kwenye jiwe, amefumba macho. Nikasimama nyuma yake, na sikuthubutu kuuliza kitu, kwa sababu jibu nililolihitaji halikuwa la ukuta. Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini, na nilikuwa naogopa mwanamke asiyefika bega langu.

Alifumbua macho, akatazama juu, polepole, mstari kwa mstari, mpaka chini ya dirisha. Akainua bakora.

"Baba," alisema, "pale juu kushoto umeacha tundu. Kesho ulizibe."

Nikafuta uso kwa mkono wa koti, nikamwambia sawa, mama. Akanipa mkono nimteremshe kilima, na njia nzima alikuwa akilalamika kwamba chai ya kanisani ina maji mengi. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijaupata mlima, nilikuwa juu ya ngazi na karai dogo la chokaa.